Pesa yako ikilala, nani analipwa?

Leo naweka PHP na MySQL kando kidogo tuongee pesa. Wale mliokuja kutafuta sehemu ya pili ya makala ya kuunganisha tovuti na M-Pesa, vumilieni, inakuja. Hii ya leo nayo ni hesabu tu, na hesabu ndiyo kazi yetu.

Swali limetoka kwa binamu yangu aliye Toronto. Ana akaunti kwa dalali wa hisa huko, na ndani yake kuna dola ambazo hajazinunulia kitu. Akaniuliza, "Wewe uliyesoma kompyuta, hii pesa inayokaa tu inanilipa nini?" Nikamjibu kwamba mimi pia nina swali hilo hilo hapa Kakamega. Nina shilingi 300,000 kwa dalali wangu wa hisa za Nairobi, zikingoja bei ya hisa fulani ishuke ndipo ninunue. Zisipopata hisa, zitamlipia dada yangu karo pale Masinde Muliro. Kwa hiyo siwezi kuzifungia mahali kwa miaka miwili. Lazima ziwe karibu.

Wacha nianze na jambo moja ambalo wengi hawalifikirii: pesa iliyo kwenye mfumo wa benki hailali. Wewe unaweza kulala, dalali wako anaweza kulala, lakini pesa yenyewe iko benki na benki inaitumia. Riba inazaliwa kila siku. Kinachobaki ni kujua inaenda kwa nani.

Chukua M-Pesa, ambayo sote tunayo tangu 2007. Kila shilingi unayoiona kwenye simu ina shilingi halisi iliyowekwa benki chini ya udhamini, kando na pesa za kampuni yenyewe. Pesa hizo benki zinazilipia riba. Je, riba hiyo inakuja kwako? Hapana. Inabaki kwa kampuni? Pia hapana. Kanuni za mfumo wa malipo za mwaka 2014 hazimruhusu mtoa huduma kuila, na kwa M-Pesa imekuwa ikienda kwenye kazi za hisani. Kazi nzuri, sina neno. Ila ujue tu kwamba salio lako linachangia.

Sasa tuje kwa dalali. Ukinunua hisa Nairobi, hisa zenyewe zinaandikwa kwa jina lako CDSC, ile hifadhi kuu iliyoanza kazi 2004. Lakini pesa taslimu ambayo haijanunua kitu haiko CDSC. Iko benki, kwenye akaunti ya wateja inayosimamiwa na dalali. Riba yake ni ya nani? Inategemea mkataba uliotia saini. Nimesoma wangu mstari kwa mstari kama mtu anayetafuta hitilafu kwenye programu. Hakuna mahali panaposema nitalipwa hata senti.

Na si riba peke yake. Kuna hatari pia. Wazee wa hapa kwetu walioingia sokoni 2001 Mumias Sugar ilipouza hisa zake kwa shilingi 6.25 wanakumbuka yaliyofuata kwa madalali. Francis Thuo & Partners ilianguka 2007. Mwezi wa Machi 2008 Nyaga Stockbrokers ikawekwa chini ya usimamizi wa kisheria. Wakati ule fidia kutoka mfuko wa wawekezaji ilikuwa na kikomo cha shilingi 50,000 kwa mtu. Fikiria una laki tatu. Kwa hiyo pesa inayokaa kwa dalali bila kazi inakuweka kwenye hatari bila kukulipa kwa hatari hiyo. Hapo ndipo mimi huona biashara haijakaa sawa.

Binamu yangu naye? Huko Canada madalali wengi hulipa kidogo sana au hawalipi kabisa kwa dola zilizokaa. Watu wakatafuta njia: wananunua kwenye soko la Toronto mfuko unaouzwa kama hisa, lakini ndani yake kuna amana za benki kubwa tu. Mmoja unaojulikana ni ule wenye alama CASH, ulioanza 2021. Unanunua asubuhi, unauza siku yoyote ya soko, riba inakuja kila mwezi. Mwaka 2023 msimamizi wa benki wa Canada alibana masharti ya amana za aina hiyo, na mifuko hii ikaanza kushika pia hati za serikali za muda mfupi. Riba ya Benki Kuu ya Canada ilikuwa asilimia 5 kufikia Julai 2023, na kufikia Oktoba 2025 imeshuka hadi 2.25. Kwa hiyo binamu asitarajie maajabu.

Dawa ya kwetu inafanana na hiyo: mfuko wa soko la pesa, ile watu huita MMF. Pesa za watu wengi zinakusanywa, meneja anazikopesha kwa muda mfupi: hati za Hazina za siku 91, amana za benki na kadhalika. Kinachonipendeza kama mtu wa programu ni jinsi majukumu yalivyogawanywa. Meneja anaamua, mdhamini anamchunguza, benki mtunzaji ndiyo inayoshika pesa. Hakuna mtu mmoja mwenye funguo zote. CMA ndiyo inayoandikisha mifuko hii, kwa hiyo kabla ya kutuma shilingi, tafuta jina la mfuko kwenye orodha yao. Na kwa wasomaji wangu Waislamu wa Mumias na kwingineko wasiotaka riba, ipo pia mifuko iliyoandikishwa inayofuata sharia.

Haya, hesabu. Riba ya MMF inakatwa kodi ya zuio ya asilimia 15. Kwa hiyo ukiona tangazo linasema 9, wewe unapata 7.65. Nimeandika mistari miwili tu ya Python:

faida_kwa_siku = kiasi * riba * 0.85 / 365
siku = gharama / faida_kwa_siku

Mstari wa kwanza unakuambia pesa inakulipa kiasi gani kwa siku. Wa pili unakuambia ikae siku ngapi ndipo irudishe gharama ya kuihamisha kwenda na kurudi. Tuseme riba ni asilimia 9 na gharama zote ni shilingi 200 (weka zako mwenyewe, kila mtu na njia yake):

Shilingi 300,000: faida ni 62.88 kwa siku. Gharama inarudi siku ya 4.
Shilingi 50,000: faida ni 10.48 kwa siku. Gharama inarudi siku ya 20.
Shilingi 5,000: faida ni 1.05 kwa siku. Gharama inarudi baada ya siku 191!

Umeona? Hapo ndipo ushauri wa mitandaoni unapotupoteza. Wanakuambia "usiache pesa ilale" kana kwamba elfu tano na laki tatu ni kitu kimoja. Mwenye elfu tano ambaye kila kuhamisha kunamgharimu shilingi mia, heri aiache ilale. Kwake jambo la kwanza ni kutafuta njia isiyo na gharama ya kuhamisha, si kukimbilia riba kubwa. Ndiyo maana mifuko iliyo ndani ya simu kama Ziidi, inayoanzia shilingi 100, imewafaa wengi tangu 2025. Kabla yake kulikuwa na M-Shwari ya 2012, na M-Akiba ya 2017, bondi ya serikali ya kuanzia shilingi 3,000 iliyolipa asilimia 10 bila kodi.

Kwa laki tatu hesabu ni tofauti. Kwa mwaka mzima ni shilingi 22,950 baada ya kodi. Hiyo kwa nyumba yetu si pesa ya kuchezea.

Lakini msikimbie kabla sijamaliza. Mambo matatu.

Kwanza, MMF si amana ya benki. Bima ya KDIC, ambayo tangu 2020 inalinda hadi shilingi 500,000 kwa mwenye akaunti benki ikifungwa, haifiki kwenye mfuko. Mfuko ukikopesha vibaya, hasara ni yenu wenye mfuko.

Pili, riba inapanda na kushuka. Hati za Hazina za siku 91 zilikaribia asilimia 16 katikati ya 2024. Mwaka mmoja baadaye zilikuwa karibu 8. Mfuko unaokutangazia riba kubwa kuliko wenzake wote wakati serikali yenyewe inalipa nusu ya ilivyokuwa, uulize umemkopesha nani.

Tatu, kasi. Mifuko mingi inachukua siku mbili tatu za kazi kukurudishia pesa. Kama unangoja bei ya hisa, bei haitakungoja. Kwa hiyo mimi nimegawanya: 60,000 zinabaki kwa dalali, tayari kununua siku bei ikifika, na 240,000 ziko kwenye mfuko. Hizo 240,000 zinaleta kama shilingi 50 kwa siku. Bei ikifika, naanza na zile 60,000, nyingine zinafuata.

Wewe mwenye akaunti kwa dalali, mwandikie leo umuulize mambo mawili: pesa yangu isiyo na kazi iko benki gani, na riba yake inaenda kwa nani? Mwambie akujibu kwa maandishi. Hata jibu likiwa "hakuna riba", sasa unajua, na unaweza kupiga hesabu yako kwa ile mistari miwili.

Karo ya muhula inalipwa kwa tarehe, haijali bei ya hisa. Mpaka tarehe hiyo ifike, shilingi 50 za kila siku ni zetu.

Ukiona hesabu yangu imeenda kombo mahali, niandikie. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tunarudi kwenye PHP.