Baraza Hudaiwa Jawabu

Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa Mei, raia wa jimbo la Glarus, lililobanwa kati ya milima ya Uswisi, hukusanyika katika uwanja wa wazi wa mji wao mkuu, wakasimama duara juu ya vipandio vya mbao, na watoto wao wameketi katikati karibu na mimbari, wakaamua kwa kuinua kadi za rangi kodi watakayotozwa, barabara itakayojengwa na sheria itakayofutwa. Desturi hiyo habari zake zinarudi hadi mwaka 1387. Mimi, mzaliwa wa Bwera nchini Uganda niliyeletwa huku na kazi ya kuuguza wazee, nimeishuhudia mara tatu nikiwa nje ya uzio, mahali wasimamapo wageni, na kila mara fikira zangu zimeruka bahari na majangwa zikatua katika bonde la mto Nyamwamba, ambako hatukupungukiwa na mabaraza wala hatukupungukiwa na wasemaji, ila tumepungukiwa na jambo moja ambalo sikulijua jina lake mpaka nilipokuja kusimama kando ya uzio ule.

Neno baraza lenyewe ni mgeni aliyepanda mlima. Asili yake ni pwani, kule Lamu, Mombasa na Unguja, ambako ni kikalio cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba ili wenyeji na wapitao waketi, wanywe kahawa na kupeana habari. Kwetu lilifika pamoja na Kiswahili kilichobaki: reli ilipoingia Kasese mwaka 1956, na mgodi wa shaba wa Kilembe ukaanza uchimbaji wake zama zizo hizo, watu wa makabila mbalimbali walikutana shimoni wasiwe na lugha ya kuelewana ila hii, na marehemu baba yangu alikuwa miongoni mwao, naye hata alipotuusia nyumbani alituusia kwa Kiswahili. Kabla ya neno hilo Wakonzo, watu wa kwetu, walikuwa na ekyaghanda, nyumba ya moto wa jioni ambamo wanaume wa ukoo waliketi kusikiliza mashauri na kuwafunza vijana. Kisha, mwaka 2009, serikali ya Uganda ilipotaka viongozi wa wilaya na tarafa wasimame mbele ya raia waeleze fedha za umma zimefanya kazi gani, Ofisi ya Waziri Mkuu iliutafutia mpango huo jina, ikaliona hilo hilo la pwani kuwa ndilo linalotosha.

Nimewadhukuru wanaume wa ekyaghanda kwa kuwa hata huku, pamoja na sifa zote za uwanja ule wa Glarus, wanawake hawakupewa haki ya kupiga kura ndani yake mpaka mwaka 1971, ilhali katiba yetu ya mwaka 1995 imekwisha kuwawekea wanawake theluthi moja ya viti vya mabaraza ya serikali za mitaa. Basi asidhani msomaji kwamba naandika kuwasifu Wazungu na kuwaumbua watu wangu.

Ninalolihusudu kwao ni kitabu. Majuma kadhaa kabla ya siku ya mkutano, kila mwenye haki ya kura hupelekewa nyumbani kitabu ambamo kila jambo litakalojadiliwa limeandikwa, pamoja na hoja zake, gharama zake na rai ya baraza la wawakilishi. Mzee ninayemhudumia, ambaye macho yamemdhoofikia, huniomba nimsomee kwa sauti, na tukifika mahali asipoparidhia hunisimamisha, akachukua kalamu, akatia alama pembeni. Siku ya siku, yeyote mwenye haki aweza kupanda mimbari akataka hoja ibadilishwe, na halaiki ikamfuata. Mwaka 2006 serikali ya jimbo ilipendekeza manispaa zake 25 ziunganishwe zibaki 10. Raia mmoja akasimama akasema zibaki 3, watu wakainua kadi zao, na tangu Januari 2011 ni 3 kweli. Neno lilitamkwa hadharani na mtu asiye na cheo, likawa sheria, na tarehe ya kutekelezwa kwake ikajulikana.

Sasa niuseme mto. Nyamwamba huteremka kutoka Rwenzori, hupita Kilembe penye mabaki ya mgodi, hupita mjini Kasese, huishia Ziwa George, na mvua kubwa zinapoporomosha mawe na magogo kutoka juu, mto huacha njia yake ukajitafutia nyingine majumbani mwa watu. Ulifanya hivyo Mei 2013, ukarudia Mei 2014, na Mei 2020 ukaja kwa ghadhabu iliyoharibu hospitali ya Kilembe, wagonjwa wakahamishwa, na maelfu wakakosa makazi, baadhi yao wakaishia kambini Muhokya kwa miaka. Na hawa wa Glarus nao waliwahi kuonja msiba wa namna hiyo: mto wao Linth ulijaza mawe na changarawe bondeni, maji ya ziwa yakapanda, malaria ikaua watu, hata mwaka 1807 kazi ya kuuelekeza mto ikaanza chini ya Hans Conrad Escher, kwa fedha za hisa zilizouzwa kote nchini, na mwaka 1811 Linth ukatiwa katika mfereji mpya unaoupeleka ziwani. Tena mwaka 1881 mlima uliochimbwa ovyo kwa ajili ya mawe ya vibao vya kuandikia vya shule uliangukia kijiji cha Elm, ukaua watu zaidi ya 100. Wanajua, basi, maana ya mlima uliotobolewa na mto usiotulia, na nilipomsimulia mzee wangu habari za Kilembe hakuniuliza shaba ni nini wala Uganda iko wapi. Aliniuliza, mto umeamuliwa nini?

Swali lake lilinikumbusha mkutano nilioujia nikiwa likizoni, baada ya gharika ya 2020, katika ukumbi mmoja wa Kasese ambao sitautaja jina. Watu walifika tangu asubuhi. Wasemaji walikuwa fasaha kupita wale wa Glarus: mama mmoja alieleza jinsi maji yalivyomchukulia cherehani na mashamba ya maharage, pasipo kutoa chozi, hata ukumbi mzima ukanyamaza, mzee mmoja alionyesha kwa fimbo, hapo hapo sakafuni, mahali mto ulipopita alipokuwa kijana na mahali ulipo leo, na nafikiri mhandisi yeyote angefaidika kumsikiliza. Baba yangu mdogo, aliyekuwa amepoteza nyumba yake, alisimama na daftari la shule ambamo tangu mwaka 2013 alikuwa ameandika kila swali lililoulizwa mikutanoni kuhusu mto ule, jina la ofisi iliyoulizwa na tarehe yake, akauliza tena yale yale. Aliyekuwa akiongoza alimshukuru kwa adabu, akasema maoni yamepokewa, kisha tukagawiwa soda. Nikamwona baba mdogo akilifunga daftari, akalirudisha ndani ya mfuko wa nailoni ili lisilowe.

Hapo ndipo palipo na huo upungufu. Si kweli kwamba watu wetu hawashiriki, kama wanavyopenda kuandika wenye miradi. Watu wetu hushiriki mpaka koo zikawakauka. Lakini neno linalotoka kinywani mwa raia likiingia katika baraza halirudi. Huku neno hutanguliwa na kitabu na hufuatwa na sheria. Kwetu halina la mbele wala la nyuma, na mtu aliyeuliza mara saba bila jawabu, mara ya nane hubaki nyumbani, nasi tukasema amekosa mwamko.

Na yako mambo ambayo mimi, niliye nje ya uzio, natamani Glarus wangejifunza kwetu. Bwera, mpakani Mpondwe, barazani hapaulizwi hati. Mwenzetu aliyevuka kutoka Kasindi, ng'ambo ya mpaka, na ndoo yake ya samaki husema, kwa kuwa yeye na Mkonzo wa upande huu ni ndugu waliotengwa na mstari wa ramani. Juni 2019, ugonjwa wa Ebola ulipovuka mpaka ukachukua watu wa familia moja waliotibiwa hospitali ya Bwera, kilichowafanya watu wakubali kuacha kupeana mikono na kuzika kwa desturi ngeni hakikuwa tangazo. Kilikuwa vikao vya vijijini, vya Lukonzo na Kiswahili, ambamo wahudumu wa afya waliketi na wazee na wafanyabiashara wa pande zote mbili, wakaulizwa maswali makali, wakayajibu papo hapo. Jawabu lilipokuwapo, baraza lilifanya kazi yake.

Tena sharti nitaje khofu, kwa sababu nayo huketi barazani. Tangu Novemba 2016, siku majeshi yaliposhambulia jumba la mfalme wa Rwenzururu mjini Kasese na watu zaidi ya 100 wakauawa, wako kwetu ambao wakiona watu wengi wamesimama pamoja hubadili njia. Kuwaomba watu hao waje kukutana ni kuwaomba jambo kubwa, na anayewaomba ajue hivyo.

Juzi baba mdogo alinipigia simu. Aliwahi kuniuliza habari za kile kitabu, nami nikamweleza kwa kirefu. Sasa akaniarifu kwamba amemwendea mwenyekiti wa kijiji, wakakubaliana kuwa mkutano usianze na jambo jipya kabla daftari halijasomwa. Walisoma maswali kumi na moja. Yaliyokuwa na majawabu ni mawili, moja la mfereji wa karibu na shule na jingine la taa ya njia panda, na waliposoma hayo mawili, aliniambia, watu waliomba yarudiwe, yakasomwa tena.