Kusoma Mbele za Watu

Mwaka mmoja, majani ya miti yakianza kupukutika, nilijaliwa kufika Iowa City katika Marekani. Mji ule ni mdogo, lakini katika habari za uandishi una sifa kuliko miji mingi yenye maghorofa. Chuo Kikuu cha Iowa kilianzisha mafunzo yake ya waandishi mwaka 1936. Na mwaka 1967 Paul Engle na Hualing Nieh wakaanzisha programu ya kuwaalika waandishi wa mataifa mengine. Jioni watu hukusanyika katika duka la vitabu liitwalo Prairie Lights. Mgeni husimama, akafungua kitabu chake, akasoma.

Nilikwenda na kiburi kidogo. Watu hawa watanifundisha nini juu ya sikio, mimi niliyelelewa mahali ambapo shairi halijawa shairi mpaka lighaniwe? Mgeni wa jioni ile akanizidishia kiburi: alisoma kwa sauti ya chini, akapoteza ukurasa mara mbili. Hata hivyo hapana aliyekohoa.

Kilichonichoma ni habari ya Flannery O'Connor. Binti huyu alifika chuoni hapo mwaka 1945 kutoka Georgia, na matamshi yake yalikuwa ya kwao mno, hata Engle hakufahamu alilosema, akamwomba aliandike katika karatasi. Darasani hadithi zake zilipata kusomwa na mtu mwingine, mwenyewe akikaa nyuma kimya.

Miaka mingi kabla ya safari ile, katika chuo ninachofundisha, mwanafunzi wangu mmoja aliomba kusoma hadithi yake mbele ya mwandishi mgeni. Nililifuta jina lake katika orodha kwa sababu alichanganya *r* na *l*, nami niliona haya kwa niaba ya idara. Nikampa kazi ya kupanga viti. Alivipanga vizuri.

Niliporudi nyumbani niliitafuta hadithi ile, nikaipata chini ya saraka. Wino wangu mwekundu ulikuwa umesahihisha tahajia ukurasa hata ukurasa. Juu ya hadithi yenyewe sikuandika neno. Nikafunga mlango, nikaisoma kwa sauti. Penye kisa cha mama anayerudisha sufuria ya kuazima ikiwa tupu, nilishindwa kuendelea kwa muda.

Nimemwandikia barua. Lakini anwani iliyo juu ya karatasi ni ya bweni, na bweni lile aliliacha zamani.