Safari ya Wamunyu: Tundu likikosewa, gogo limekwisha

Je, msomaji, umewahi kufika Mwala? Ukipata Jumamosi yenye nafasi, wachukue watoto mpande matatu ya Machakos, kisha ile iendayo Kitui. Mwambie utingo awashushe Wamunyu, soko lililo katika eneo la Mwala. Nchi hapa ni kavu, na tezo za wachongaji zinasikika kabla hujawaona wenyewe.

Hapa ndipo uchongaji wa Wakamba ulipopatia sifa. Inasimuliwa kuwa Mutisya Munge, mwenyeji wa Wamunyu, aliupata ufundi huu kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao nyumbani. Simama umtazame fundi akichonga ndovu. Angalia anavyotoboa nafasi kati ya mkonga na kifua. Akitoboa kidogo, umbo halionekani. Akizidisha, mkonga unakatika. Na gogo la mpingo likikatika haliungwi.

Tundu kama hilo lina kazi hospitalini pia. Mkazi wa Mwala mwenye saratani ya matiti au ya tezi dume akianza kuumwa na mifupa, daktari anaweza kumtuma Nairobi, tuseme Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, apigwe picha kwa kamera ya gama. Swali ni moja: je, saratani imefika mifupani? Hudungwa dawa yenye teknetiamu, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila saa 6. Dawa hiyo hutoa miali kutoka ndani ya mwili.

Kamera hii, iliyobuniwa na Mmarekani Hal Anger miaka ya 1950, haina lenzi kama ya studio, kwani miali ya gama haipindwi na kioo. Mbele yake huwekwa bamba la risasi, yaani ile metali nzito ya betri za magari, lenye maelfu ya matundu. Bamba hilo huitwa kolimeta. Mwali unaokuja wima hupita. Wa mshazari humezwa. Katika miali 10,000, hupita kama mmoja tu.

Matundu yakiwa membamba, picha huwa safi lakini miali ni michache, na mgonjwa mwenye maumivu hulala muda mrefu bila kutikisika. Yakiwa mapana, miali ni mingi, lakini doa dogo la uti wa mgongo hupotea kama katika ukungu.

Kutengeneza bamba baada ya bamba ili kujaribu ni gharama kubwa. Kwa hiyo wataalamu huchonga kwanza ndani ya kompyuta. Humchora mgonjwa wa kubuni na bamba lake, kisha kompyuta hurusha mamilioni ya miali, ikiamua njia ya kila mmoja kwa bahati nasibu. Mbinu hiyo huitwa Monte Carlo, kwa jina la mtaa wa kamari huko Monako, na ilianzishwa Marekani miaka ya 1940 na Stanislaw Ulam na wenzake. Wanafunzi, ni hesabu zile zile za kurusha sarafu mnazozikimbia darasani! Tundu likikosewa, mtaalamu hufuta na kuanza upya.

Fundi wa Wamunyu hana cha kufutia. Mnunulieni ndovu mmoja. Mkiwa njiani kurudi, mwonyeshe mtoto nafasi iliyo chini ya mkonga, umwambie kuwa kuna mama amelala chini ya kamera, akingoja jibu litakalopita katika matundu yaliyopimwa vyema.