Taa ya Udongo kwa Watoto Wako wa Chekechea

Kisian,
Kisumu.

Mpwa wangu mpendwa,

Umeniuliza watoto wako watengeneze nini wiki ya Diwali, sikukuu ya Wahindu, maadamu darasani mna Wahindi wawili watatu. Wafinyange diya, ile taa ndogo ya udongo inayowashwa hekaluni na majumbani.

Usiwafinyangishe sanamu za miungu. Hekaluni sanamu hutunzwa kama mgeni wa heshima: huvishwa nguo, hupewa chakula kabla ya waumini kula. Haifai itengenezwe kwa mchezo kisha isahaulike dirishani. Taa haina neno.

Udongo chota kando ya mto, ule unaonata. Toa mawe na mizizi, ukande, kisha uchanganye na vigae vilivyotwangwa vikawa unga, usije ukapasuka. Mpe kila mtoto donge kama ndimu. Abonyeze katikati kwa kidole gumba, apandishe kingo taratibu, halafu abane upande mmoja upate mdomo wa kulaza utambi. Msichelewe, udongo uwahi ungali maji. Zikaushe kivulini siku kadhaa, maana jua kali huzitia nyufa. Zikikauka kabisa, wewe mwenyewe zichome shimoni kwa nyasi na kinyesi kikavu cha ng'ombe. Taa isiyochomwa hunywa mafuta yote. Utambi ni pamba iliyosokotwa. Hekaluni hutumia samli, lakini kwenu mafuta ya kupikia yanatosha. Kiberiti kikae mfukoni mwako.

Muda ukibaki, wachore rangoli, yale mapambo ya chini, mlangoni. Nilipokuwa fundi rangi mjini nilimwona mama mmoja akiichora kizingitini: anachota unga kidogo kwa kidole gumba na cha shahada, anaumwaga polepole kama uzi, mkono hautetemeki. Desturi ya zamani ni unga wa mchele, ili sisimizi na ndege nao wapate riziki. Wewe tumia majivu, makaa yaliyosagwa na vumbi la matofali. Wako watoto wanaokuja shule bila kunywa uji, na kumwaga unga mbele yao si vizuri.

Watoto wakifanya kazi, wape na historia. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na Wahindi walikuja na reli hiyo: mafundi, makarani, wenye maduka. Wengine walilima Kibos, karibu na mji. Mahekalu ya mjini ni ya watu waliozaa na kufia hapa, si ya wageni wa jana.

Najua kuna mzazi atakayesema unawabadilisha watoto dini. Usigombane naye. Mwambie mtaala wa Kenya una somo la dini ya Kihindu, kama ulivyo na la Kikristo na la Kiislamu, na kwamba kufinyanga taa si kuabudu. Nawe usiwaimbishe sala wala usiwapake alama kwenye paji la uso. Hayo waachie Wahindu wenyewe.

Kabla hujachota udongo, waandikie wazazi wote barua fupi ya kuwaeleza. Atakayekataa, mwanawe afinyange chungu, akae meza moja na wenzake. Asitolewe nje hata mtoto mmoja.

Ni mimi,
Mjomba wako.