Gari la Moshi Lenye Kiu

Watoto, reli ipitayo Lubumbashi mnaijua. Wengine wenu mmesafiri juu yake, na wengine mmekatazwa mara nyingi kucheza kando yake. Lakini je, mnajua ilitoka wapi? Haikutoka Matadi. Ilitoka kusini. Mwaka wa 1897 ilifika Bulawayo, katika nchi inayoitwa leo Zimbabwe. Mwaka wa 1903 ilifika Hwange, penye machimbo ya makaa ya mawe. Mwaka wa 1904 ilifika kwenye maporomoko ya mto Zambezi, na mwaka wa 1905 daraja la chuma likafunguliwa juu ya korongo la mto huo. Mwisho wa mwaka wa 1909 reli ilifika mpaka wa Katanga, na mwaka wa 1910 gari la kwanza likaingia Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Makaa ya Hwange yalikuja kwa njia hiyo, yakasaidia kuyeyusha shaba yetu. Basi habari nitakayowaeleza si ya watu wa mbali. Ni habari ya jirani zetu wa reli moja.

Mimi hufundisha kazi ya chuma, na tangu utoto napenda mashine. Miaka zaidi ya kumi imepita tangu nilipokwenda Bulawayo kusafiri na gari la moshi la zamani. Gari hilo lilikodiwa na wageni kutoka Ulaya. Walitaka kwenda polepole, siku kadhaa, mpaka kwenye maporomoko ya Zambezi. Mtaniuliza: kwa nini mtu alipe fedha nyingi ili asafiri polepole? Nami niliuliza hivyo. Mgeni mmoja mwenye mvi alinijibu kwamba huko Uingereza magari ya moshi yaliacha kazi ya kila siku katika reli kubwa mwaka wa 1968, wakati yeye alipokuwa kijana. Alikuja Afrika kusikia tena sauti ya utoto wake.

Sasa niwaambie mashine yenyewe ilivyo. Inaitwa Garratt, kwa jina la Herbert William Garratt, Mwingereza aliyeibuni. Ya kwanza ilitengenezwa mjini Manchester mwaka wa 1909. Fikirini mashine mbili zilizopeana migongo, na katikati yao boila moja kubwa, kama machela iliyobebwa na watu wawili. Mbele kuna tangi la maji. Nyuma kuna makaa. Kwa kuwa imeungwa mahali pawili, inapita katika kona kali pasipo kuumiza reli. Ile niliyoiona ilikuwa na magurudumu 28, na uzito wake ulikaribia tani 180. Kusimama karibu nayo ni kama kusimama karibu na nyumba inayopumua.

Nchi nyingi zilizitupa mashine hizi zamani. Zimbabwe haikufanya hivyo upesi. Karibu na mwaka wa 1980 mafuta ya dizeli yalikuwa ghali, tena yalinunuliwa nje kwa fedha za kigeni, lakini makaa yalikuwa yao wenyewe, chini ya ardhi ya Hwange. Basi wakazitengeneza upya Garratt zaidi ya 80. Watu wengi wa Bulawayo walijifunza kazi hiyo, baba na mtoto. Katika miaka ya 1990 dizeli ilichukua karibu kazi yote. Mashine zikapungua, na mafundi wakazeeka.

Wawili kati ya wazee hao ndio waliotuendesha. Dereva alikuwa Mndebele, mtu wa maneno machache. Mtia makaa alikuwa mzaliwa wa Zambia, nasi tukaelewana kwa Kibemba. Nilimwita Tata, naye akaniita mwanangu. Pamoja nao alikuwako kijana mmoja mwanafunzi, ambaye kazi yake ilikuwa kubeba, kusafisha na kutazama.

Kazi ilianza siku moja kabla ya safari. Tata aliwasha moto mdogo wa kuni, akauacha uwake taratibu. Kijana akauliza kwa nini asitupe makaa mengi ili maji yachemke upesi. Tata akamwambia, “Chuma kikipata joto hukua. Ukikiharakisha, huku kinakua na kule hakijakua. Hapo ndipo maungio yanapoanza kuvuja.” Usiku kucha walilinda moto ule. Asubuhi mvuke ulikuwa na nguvu zaidi ya mara tano ya hewa iliyomo katika gurudumu la motokaa. Dereva akazunguka mashine yote, mkono mmoja nyundo, mkono mwingine mkebe wa mafuta. Aligonga na kusikiliza, kama mama anunuaye chungu sokoni. Ndipo akapanda.

Tukasafiri vizuri. Baada ya Bulawayo nchi ni ya mchanga na miti mifupi, na maji ni haba. Kuna mahali reli inakwenda zaidi ya kilomita 100 bila kona hata moja. Nyuma yetu moshi ulilala juu ya miti kama blanketi. Tembo walisimama mbali wakitutazama.

Wageni walikuwa na desturi moja iliyonichekesha. Kila tulipofika mahali pazuri, gari lilisimama. Wote walishuka na kamera zao, wakajipanga majanini. Kisha gari likarudi nyuma mbali, tupu, likaja tena mbio likitoa moshi mweusi na kupiga firimbi. Wao wakapiga picha. Kisha gari likasimama, wakapanda, tukaendelea. Wachunga mbuzi waliotuona walicheka mpaka wakakaa chini. Nani amepata kuona watu wanaoshuka garini ili walitazame gari lile lile likipita?

Lakini kumbukeni jambo hili: kila kurudi na kila kuja hula makaa na kunywa maji. Zamani kila kituo kikubwa kilikuwa na bomba la kunywesha mashine. Siku zile mabomba mengi yalikuwa yamekauka. Kwa hiyo motokaa ya maji ilitangulia kwa njia ya mchanga, na kutungojea mahali palipopangwa.

Siku ya pili, alasiri, tulifika mahali pa kunywa. Motokaa haikuwako. Tulingoja saa nzima. Jua likaanza kushuka, na nuru ikawa nyekundu, nzuri mno. Mkubwa wa wageni akaja mbele, akasema na dereva:

“Mzee, nuru kama hii hatutaipata tena. Turudi nyuma mara moja tu, tupige picha.”

Dereva akajibu, “Hapana, bwana. Tumengoja maji.”

“Mara moja tu. Watu hawa wamelipa fedha nyingi, na wametoka mbali.”

Dereva akapangusa mikono kwa kitambaa. Akamwonyesha bomba la kioo lililo mbele ya macho ya dereva. Ndani yake huonekana maji ya boila, juu yamefika wapi. Akasema, “Bwana, fedha ni yao. Maji haya ni ya boila.”

Yule mkubwa akakasirika. Akasema atapeleka mashtaka kwa wakubwa wa kazi, na kwamba mzee hataitwa tena. Niliona kijana akimtazama dereva kwa hofu. Alijua kwamba mzee ana nyumba ya kulisha, na kwamba siku za kazi kama hii zilikuwa chache katika mwaka. Dereva hakusema neno lingine. Aliketi.

Watoto, kwa nini alikataa? Sikilizeni vizuri. Moto wa mashine umo ndani ya sanduku la chuma, na maji ya boila hulifunika sanduku hilo pande zote, hata juu. Maji ndiyo yanayolilinda. Moto ni mkali, lakini chuma hakilainiki, kwa sababu maji huchukua joto lake. Sasa maji yakipungua hata dari la sanduku likawa tupu, chuma kile huwa chekundu na laini. Mvuke hukisukuma, kikapasuka, na boila hulipuka. Watu walio karibu hawaponi. Kwa sababu hiyo mafundi huweka katika dari hilo kizibo chenye risasi. Maji yakipungua mno, risasi huyeyuka, mvuke huingia motoni kwa kishindo na kuwaonya watu. Lakini dereva mwema hangoji risasi imwonye.

Tangi letu lilikuwa karibu tupu. Maji yaliyobaki yalitosha kuitunza boila kwa kungoja, lakini hayakutosha kwa kucheza. Tata akaufunika moto kwa makaa madogo yaliyoloweshwa, ili usinzie pasipo kuzimika. Akamwita kijana, akamweka mbele ya kioo. “Usitazame jua, usitazame wageni. Tazama hapa. Yakifika kwenye alama hii, niamshe, nasi tutauangusha moto wote chini.” Naye akalala juu ya makaa, kofia usoni. Kijana hakuondoa macho.

Jua likatua. Baadaye mtoto mmoja akaja mbio kutoka kijijini. Motokaa ya maji ilikuwa imezama katika mchanga, mbali kidogo na reli. Tukaenda sote. Watu wa kijiji wakakata matawi na kuyatandika chini ya magurudumu. Wageni wakavua makoti, wakasukuma. Yule mkubwa aliyekasirika alisukuma pamoja nao, viatu vimejaa mchanga. Usiku ulikuwa umekwenda sana motokaa ilipofika relini. Tukaunga mpira, na mashine ikaanza kunywa. Watu wa kijiji nao walipewa maji katika ndoo zao, kwa maana kisima chao kilikuwa mbali. Yule mkubwa akampa dereva mkono. Sikusikia walichosema.

Tukafika kwenye maporomoko kwa amani. Pale mto Zambezi una upana wa mita 1,700 na zaidi, na maji yote huanguka katika ufa mmoja. Daraja liko mita 128 juu ya mto. Wenyeji hupaita Mosi-oa-Tunya, maana yake moshi unaonguruma. Nilitazama moshi wa maji na moshi wa mashine vikipanda pamoja angani, na nilifurahi kwamba tulifika wote, hesabu kamili.

Kabla ya kuagana nilimwuliza Tata kama hasikitiki kuona kazi yake imekuwa mchezo wa picha. Akacheka. “Wapige picha, mwanangu. Makaa yanalipwa, na kijana anajifunza. Mashine huweza kusimama katika makumbusho ya reli pale Bulawayo, na watu wakaiona. Lakini makumbusho hayawezi kuweka mkono unaojua kuwasha moto. Mkono huo huwekwa katika mkono mwingine tu.”

Watoto, nanyi mtafanya kazi na mashine. Labda itakuwa mashine ya kusaga mihogo, labda pampu ya maji, labda motokaa. Siku moja mota itakuwa moto mno, na mwenye mali atasema, “Mfuko mmoja tu, watu wanangoja.” Siku hiyo utajua kama umejifunza kazi au hukujifunza. Anayejua kazi hujua pia wakati wa kusimama, na hulisema neno lake kwa upole, hata mbele ya mwenye fedha.

Maulizo

1. Reli ya Lubumbashi ilitoka upande gani? Ilifika mwaka gani?
2. Kwa nini Tata aliwasha moto mdogo kwanza?
3. Kitu gani hulinda chuma kisilainike motoni?
4. Dereva angeweza kupoteza nini kwa kukataa? Wasafiri wangeweza kupoteza nini kama angekubali?
5. Eleza kazi moja ya kijijini kwenu ambayo mkono mmoja huifundisha mkono mwingine.