Goma: Mtoto anatambaa, mbwa analala ndani, je, sakafu gani?

GOMA, mtaa wa Majengo. Katika parsele nyingi za mji huu, sakafu inakuja nyuma ya mambo mengine yote. Kwanza bati, kisha mlango wenye kufuli, halafu maji. Sakafu inangoja. Mtu anatandika alichonacho juu ya makoro, yale mawe meusi ya volkano, na maisha yanaendelea. Lakini nyumba ikiwa na mtoto anayetambaa na mbwa anayelala ndani, kungoja huko kunaonekana haraka kwenye ngozi ya mtoto.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mama mmoja aliyehama kutoka Kibumba, teritware ya Nyiragongo. Alikaa Kanyaruchinya na watoto wake wanne na mbwa wao, Bobi. Kambi za kuzunguka Goma zilipovunjwa mwezi wa pili mwaka 2025, alikodi chumba kimoja cha mbao, mita 3 kwa 4. Majirani walimwambia amwache mbwa aende zake. Alikataa. Mbwa anayebweka mapema usiku ni kitu kikubwa kwa mwanamke anayelala peke yake na watoto. Na Bobi analala ndani, kwa sababu mama anaogopa wezi wasije kumtupia nyama yenye sumu.

Chumba hicho hakikuwa na sakafu. Kulikuwa na makoro yaliyopondwa, na juu yake vumbi jeusi ambalo kila mkaaji wa Goma analijua, lile linaloingia mpaka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Baada ya majuma machache, mtoto wa mwisho alianza kujikuna. Vipele vilijaa miguuni na kiunoni. Mama alimwosha Bobi kwa sabuni, akamtoa viroboto kimoja kimoja kwa vidole. Siku tatu baadaye vilikuwa vimerudi.

Hapo ndipo watu wengi wanakata tamaa na kumfukuza mbwa, na kusema kweli kosa si la mbwa peke yake. Viroboto vinavyoonekana kwenye manyoya ni sehemu ndogo tu. Mayai yao hayashiki kwenye manyoya: yanadondoka pale mbwa anapolala, yanaingia katikati ya kokoto, na watoto wao wanakua gizani, ndani ya vumbi. Baadaye wanajifunga katika vifuko vidogo na kungoja mpaka wasikie joto au mtikisiko wa mtu anayepita. Ukimwosha mbwa bila kugusa sakafu, umeosha nusu ya kazi. Funza pia, wale wanaoitwa hapa mavunja, wanapenda udongo mkavu na vumbi, na mbwa anaweza kuwabeba kwenye nyayo zake sawa na binadamu.

Mama alinunua kwanza balatumu, ule mkeka wa plastiki unaouzwa kwa mita. Ni chaguo la wengi, na linaeleweka: rangi yake nzuri, linapanguswa kwa kitambaa chenye maji kidogo, na siku ya kuhama linakunjwa na kubebwa. Lakini juu ya makoro balatumu linatoboka. Kucha za Bobi zililichana karibu na mlango. Mkojo wake ulipita kwenye matundu, ukabaki chini ambapo kitambaa hakifiki, na chumba kikaanza kunuka hasa wakati wa mvua. Alipolifunua, alikuta unyevu upande mmoja na viroboto upande mwingine.

Shemeji yake, ambaye ni fundi mwashi, ndiye aliyemwambia kwamba dawa ni pavema ya simenti. Jirani akacheka: “Mama, unamwagia simenti nyumba ya mwenyewe, na kesho unarudi kwenu?” Akamjibu: “Mtoto anatambaa leo.”

Hesabu yao haikuwa kubwa kama walivyoogopa. Makoro yaliyopondwa yalikuwa tayari chini, kwa hiyo walihitaji tu kuyashindilia na kuweka juu tabaka la sentimita 3. Mifuko mitatu ya kilo 50 ilitosha chumba kizima. Shemeji alifanya mambo mawili ambayo mafundi wengi huyaruka. La kwanza, alitengeneza mteremko mdogo kuelekea mlangoni, kama sentimita moja kwa kila mita, ili maji ya kuosha yatoke yenyewe. La pili, alisugua juu kwa unga wa simenti mpaka pakawa laini, kwa sababu simenti yenye vitundu inanyonya mkojo kama sifongo. Kisha wakaimwagia maji kila siku kwa juma moja, isipasuke. Juma hilo watoto walilala kwa shangazi. Bobi hakuambiwa, na nyayo zake nne ziko pale karibu na dirisha hadi leo.

Pesa zilitoka wapi? Hapo kuna somo kwa wapangaji. Kabla ya kununua mfuko wa kwanza, mama alikwenda kwa mwenye nyumba na kumwomba akate gharama ya simenti kwenye kodi, kidogo kidogo. Waliandika karatasi, shefu wa aveni akiwa shahidi. Bila karatasi, siku ya kuondoka simenti inabaki na garanti pia inaleta mzozo. Mwenye nyumba alikubali kwa sababu chumba chenye pavema kinakodiwa haraka. Si wote wanaokubali.

Wenye uwezo zaidi huuliza juu ya karo. Karo ni safi, lakini zile zinazong’aa zinamtelezesha mbwa, hasa mzee, na anaweza kuumia nyonga. Zenye uso mkavu kidogo zinafaa zaidi. Mahali pa kuchunga ni mistari ya katikati, maana huko ndiko mkojo unakojificha. Sakafu ya mbao, kwa nyumba yenye mbwa, ni ngumu kuliko zote: ubao unakunywa mkojo na nafasi za katikati zinaficha viroboto.

Usafi wenyewe unategemea bidoni. Katika mtaa ambamo maji yanabebwa mgongoni, hakuna anayeweza kumwaga lita 20 kila asubuhi. Mama huyu anatumia maji ya mwisho ya kusuuza nguo. Kwanza ananyunyiza kidogo ili vumbi lisiruke, anafagia pembeni zote na chini ya kitanda, kisha anakoropa. Gunia la Bobi linapigwa nje, linaanikwa juani, na mara moja kwa juma linamwagiwa maji yanayochemka. Kufagia hakuachwi hata viroboto vikionekana vimekwisha. Vile vifuko vinaweza kungoja majuma mengi.

Mbwa akikojoa ndani, mkojo unafyonzwa kwanza kwa majivu, unafagiliwa, halafu sabuni na maji. Javeli inakuja mwisho, baada ya kusuuza, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na katika maji baridi. Wengi hufanya kinyume: wanamwaga Javeli moja kwa moja juu ya mkojo au wanaichanganya na siki. Kutoka hapo unatoka moshi mkali unaoumiza mapafu, na katika chumba cha mita 3 kwa 4 chenye dirisha moja hilo si jambo la kuchezea. Mlango unafunguliwa, mtoto na mbwa wanatoka mpaka pakauke.

Kinyesi kinaondolewa siku ileile, hata kile cha uani. Mayai ya minyoo ya mbwa yanahitaji majuma kadhaa kwenye udongo kabla ya kuwa hatari kwa mtoto, na Javeli haiyaui vizuri. Kwa hiyo koleo linasaidia kuliko chupa. Na zile dawa za kunyunyizia viazi na kabichi zisipigwe ndani ya nyumba wala juu ya mbwa. Hazikutengenezwa kwa ajili ya sakafu ambayo mtoto analamba mikono yake.

Kwa familia ambazo bado ziko chini ya turubai, simenti ni ndoto. Lakini turubai la chini linaweza kuinuliwa na kuanikwa, udongo ukanyunyiziwa maji na kushindiliwa, na mbwa akapewa gunia lake karibu na mlango, mbali na godoro la watoto. Chanjo ya kichaa cha mbwa isisahauliwe pia. Na mtu akiumwa, jeraha linaoshwa papo hapo kwa maji na sabuni dakika 15, kisha anakwenda kituo cha afya bila kungoja kuona mbwa atakuwaje.

Siku hizi mama anajitayarisha kwenda kuangalia nyumba yake Kibumba. Waliotangulia wamemwambia kwamba ukiingia katika chumba kilichofungwa muda mrefu, viroboto vinakurukia miguuni kana kwamba vilikuwa vinakusubiri, na ndivyo vilivyo, hatua zako ndizo zilizoviamsha. Kwa hiyo atakwenda kwanza na mtoto mkubwa, watafungua milango, watafagia na kumwaga maji ya moto siku mbili tatu kabla ya yeyote kulala humo. Karatasi ya mwenye nyumba imebaki na kodi ya miezi miwili. Bobi na wadogo watangoja Majengo.