Daftari la Teatri, Kadutu, Bukavu

Jumamosi, 3 Agosti 2024

Mwongozaji ametupa sharti: asiandike mtu neno la mazungumzo kabla ya kueleza kila mhusika anataka nini kwa mwenzake. Si maishani mwake. Leo hii, kabla jua halijatua. Mimi nimechukua kisa cha likirimba, yaani mchango wa pesa wa zamu, kwa kuwa hapa sokoni kila mama yumo katika moja. Furaha ndiye mtunza pesa, naye anataka avumiliwe hadi Ijumaa. Nabintu zamu yake imefika, anataka feranga zake sasa hivi, maana kuna mifuko ya unga amewekewa na mwenye duka atamwuzia mwingine. Hapo mchezo upo tayari, na hakuna aliyefungua kinywa.

Jumanne, 6 Agosti

Nasoma *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969, nakala iliyokwisha pita mikono mingi. Vita vya Maji Maji kila mtu anajua vilikwishaje, kwa hiyo Hussein hana siri ya kutuficha. Kinachonishika ni nabii Kinjeketile mwenyewe: maneno aliyoyaleta yanamtia shaka, ilhali watu wameshayaamini na hawasubiri ruhusa yake. Mtu anasukumwa na kauli aliyoitoa kwa kinywa chake. Nataka Furaha abanwe hivyo, na neno "Ijumaa" liwe ndilo linalombana.

Jumamosi, 10 Agosti

Tumebishana sana leo. Sisi watoto wa Bukavu tumelelewa na michezo ya uhamasishaji: kipindupindu, kunawa mikono, kura. Sehemu ya mwisho huingia muuguzi au chefu wa mtaa, anasema ukweli wote, watu wanapiga makofi, wanarudi nyumbani. Mimi sina ugomvi na sabuni, ila mhusika anayekuja kufundisha huua mchezo.

Augusto Boal wa Brazil alitafuta njia nyingine miaka ya 1970: kisa kinakatishwa pale mambo yalipoharibika, kisha mtazamaji anapanda jukwaani na kujaribu kuyageuza. Njia hiyo inamdai mwandishi kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Kama mpinzani ni dhaifu, mtazamaji atashinda bure. Nabintu lazima awe na haki, na Furaha pia, ambaye mtoto wake amefukuzwa shule kwa kukosa minerval, yaani karo:

NABINTU: Feranga iko wapi?
FURAHA: Ikala kwanza.
NABINTU: Sikuje kuikala.
FURAHA: Mutoto walimufukuza ku masomo, juu ya minerval.
NABINTU: Na wangu, anasomaka wapi?

Yule dada anayeigiza Nabintu aliutamka mstari wa mwisho polepole, akikunja kitenge chake. Nimeuacha jinsi ulivyo.

Jumamosi, 17 Agosti

Kuhusu kundi la teatri la Mufwankolo la Lubumbashi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikaa nao mwaka 1986, walipotunga mchezo kutokana na msemo wa Kifaransa kwamba mamlaka huliwa mzima mzima. Kitabu chake, *Power and Performance*, kilitoka 1990. Hawakuandika mazungumzo. Walikubaliana juu ya kisa, wakakigawa sehemu, wakagawana nafasi, maneno yakazaliwa katika mazoezi. Yaliyo kitabuni yalinukuliwa kutoka kwenye kanda.

Baadhi yetu wamefurahi wakidhani kazi ya kuandika imefutwa. Wapi! Wale walikuwa wameigiza pamoja miaka mingi. Sisi wenye mazoezi ya Jumamosi tunahitaji karatasi, hata ikiwa ya mistari michache.

Jumapili, 25 Agosti

Mei 2015, hapa hapa Bukavu, mtu wa teatri Mswisi Milo Rau aliweka *The Congo Tribunal*, mahakama ya jukwaani, katika Collège Alfajiri. Wakili Jean-Louis Gilissen aliongoza kikao. Mashahidi wakaeleza habari za migodi na mauaji ya Mutarule ya Juni 2014. Hakuna aliyeandikiwa maneno, na hukumu haikuwa na nguvu ya sheria. Lakini mtu alipanga nani akae wapi, nani aseme kabla ya nani, nani asikilize akiwa amekaa mbele ya aliyemtaja. Kwangu huo ni uandishi, tena mgumu. Ndiyo maana katika sehemu ya tatu ya mchezo wangu nimemweka mwenye duka jukwaani tangu mwanzo, kimya, akihesabu mifuko.

Jumamosi, 14 Septemba

Mvua. Chumba cha mbao chenye paa la bati hakisamehe sentensi ndefu: hotuba ya Furaha ya kujitetea haikusikika hata kwa walioketi mstari wa mbele. Alipofungua sanduku la likirimba na kuligeuza juu chini, wote walielewa. Hotuba nimeifuta, sanduku limebaki.

Bado sehemu ya tatu inamwelemea Furaha. Nabintu ana njaa, ana zamu, ana mashahidi. Mwenzake ana mtoto tu. Kabla ya Jumamosi ijayo lazima nimpatie sababu nyingine, la sivyo watazamaji watamhukumu kabla hatujawaita jukwaani.